Unga wa Mifupa

Mimi na binamu yangu, mtoto wa mjomba, tulichukua watoto wa mbwa wa uzao mmoja kwa mkulima wa Kipalapala. Mama yao alikuwa mbwa wa kienyeji, mwekundu, mwembamba. Baba yao hakuna aliyemwona vizuri, ila mkulima aliapa kwamba alikuwa dume kubwa la aina ya wale wa polisi. Binamu alichagua kwanza, akamchukua dume mnene. Mimi nikabaki na jike, sikio moja limesimama, jingine limelala.

Yeye alirudi Urambo, anakofanya kazi kwenye kituo cha kununulia tumbaku. Mimi nilirudi nyumbani kwa mama, Tabora mjini, na shahada yangu na siku nzima ya kuwaza. Nikawaza chakula cha mbwa. Akifuata mwili wa mama yake, chakula kingi kitamnenepesha bure. Akifuata wa baba yake, kidogo kitamdumaza. Nilikuwa nashika nyayo zake na kuzitazama kama mtu anayesoma majibu ya mtihani.

"Mpe makombo," mama alisema. "Mbwa huyo, si mwali."

Kisha picha zikaanza kuja. Mbwa wa binamu kando ya pikipiki, kichwa kinakaribia kiti. "Wangu anakula chakula cha mfuko, mwenzangu. Wako bado hujamtoa kwenye kiberiti?"

Kwetu binamu ni mtani. Anasema lolote, nawe unacheka. Kumkasirikia ni aibu. Basi nilimtumia vikatuni vya kucheka, nikatoka uani kumtazama wangu, roho inaniuma. Nilimwonea wivu kwa yule mbwa, kwa mfuko, kwa pikipiki na kwa kazi iliyoinunua. Lakini kazi sikuwa na namna ya kuishindania. Mbwa niliweza.

Mama alikuwa na unga wa mifupa aliokuwa akiwachanganyia kuku wake wa mayai. Nikajiambia, mifupa hujenga mifupa. Nikatia konzi moja kwenye uji wa dona na dagaa, asubuhi na jioni. Picha nyingine ilipokuja, nikaongeza unga na uji pia. Mbwa akarefuka. Nikampiga picha, nikaituma.

"Umemwazima wapi huyo?" binamu akajibu. Nilifurahi siku nzima.

Halafu nikaona miguu yake ya mbele inapinda kwenda nje. Akiamka alichechemea. Nikamtia kwenye kikapu, nikampeleka kwa daktari wa mifugo, msichana aliyemaliza chuo nyuma yangu na tayari ana koti jeupe. Hata lile koti nililitamani.

Aliibonyeza miguu taratibu. "Dada, unampa nini?"

Nikamweleza.

"Huyu hatagi mayai," alisema. "Acha huo unga leo leo. Mbwa anayeelekea kuwa mkubwa ukimsukuma akue haraka, mifupa inaharibika. Mpe chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, kile cha mfuko, kwa kipimo, usiongeze kitu. Bado mdogo, miguu inaweza kunyooka. Nasema inaweza."

"Na akibaki mdogo kuliko kaka yake?"

Alinitazama. "Atembee kwanza."

Madukani kwetu chakula hicho sikukipata. Nilijua aliyenacho. Niliandika ujumbe, nikafuta, nikaandika tena, mwisho nikautuma: "Binamu, naomba chakula chako cha mfuko. Wangu anaumwa." Hakutania. Alijibu tu, "Nakuja Jumamosi."

Alikuja na mfuko begani, akaingia uani. "Shikamoo shangazi. Yule panya wenu yuko wapi?"

"Marahaba, baba. Yuko pale."

Akamwona, akaitazama ile miguu. Kisha akachuchumaa, akamfunga kamba shingoni. Mtani ana ruhusa ya kuchukua kitu chako. Safari iliyopita aliondoka na jogoo wetu, na mama akacheka mpaka machozi.

"Namchukua," alisema. "Haki yangu ya utani. Urambo atapona."

Mama akacheka. Mimi sikucheka.

"Chukua kuku," nikasema. "Chukua wote. Huyo mwache."

"Ee! Binamu, umekasirika?"

"Ndiyo."

Mama aliinamisha kichwa kwa aibu. Binamu akaifungua kamba, akamimina chakula kwenye bakuli. Mbwa wangu alikula, akamaliza, kisha akachechemea mpaka kwa binamu, akalala juu ya viatu vyake. Hilo nalo liliniuma.

Sasa anatembea. Mguu wa kushoto umenyooka, wa kulia bado umepinda kidogo, na kaka yake anamzidi kwa kichwa kizima. Picha ikija kutoka Urambo, moyo bado unaniwaka. Nakwenda kwenye mfuko, najaza kikombe, nasawazisha juu kwa kidole. Siongezi.