Bandeji Pana ya Sista

Simu ilinikuta Nanganga, nimeinama pembeni ya barabara nachagua mihogo. Sista, muuguzi wa chumba cha upasuaji cha hospitali yetu, amefariki, anazikwa kesho kwao Chiwata. Niliirudisha mihogo kwenye fungu. Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba misiba huwa naipita kimya, kwa kuwa kila nyumba ina yake. Huu siwezi kuupita. Mama huyu aliwahi kunidanganyia watu, nami nampenda kwa uongo ule hadi leo.

Kwa miaka mingi siku zangu za mwezi zikifika nilikuwa najikunja sakafuni, na ultrasaundi kila mara ilisema hakuna kitu. Nyumbani kwa mume wangu, kijijini Mkunya, hiyo “hakuna kitu” ilipata tafsiri yake: mke huyu mvivu, msimu wa korosho ukianza tu anaumwa. Hatimaye daktari mmoja alinitoboa matundu matatu madogo, akaingiza kamera tumboni na kuona kile ambacho picha hazikukiona. Nyama kama ile inayotanda ndani ya mji wa mimba ilikuwa imeota nje yake, imeng'ang'ania huku na huku. Akaiondoa papo hapo. Nilipozinduka na kuambiwa, nililia. Sikulia kwa sababu nimepona, bali kwa sababu kumbe kulikuwa na kitu.

Furaha ilinitoka nilipoyaona yale matundu. Kila moja lilitosha punje ya mahindi. Kwetu mwanamke aliyepasuliwa hupumzishwa, lakini kwanza wenzake hufunua kanga, wakauona mshono, wakasikitika, ndipo wakabeba ndoo zake kutoka bondeni. Mimi ningewaonyesha nini? Nilimwambia Sista kwamba nikifika tu nyumbani nitapelekwa mikoroshoni. Alileta pamba na bandeji pana, akanizungushia tumbo zima kama mzazi anayefungwa mkaja. Daktari akapita, akauliza bandeji yote hiyo ya nini.

“Daktari, wewe kazi yako umemaliza,” alisema huku akiendelea kufunga. “Mama mkwe wake hasomi cheti.”

Mama mkwe alifunua kanga, akaguna, kisha yeye mwenyewe akaichukua ndoo yangu. Nilipumzika wiki mbili nzima, nikapona sawasawa. Siku ya kufungua alivitazama vile vidoa vitatu, kisha akasema, “Kumbe tumeuguza bandeji.” Akafunga safari hadi hospitali kwenda kumgombeza mwenye bandeji. Sista alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akamweleza kwamba mlango ulikuwa mdogo lakini ndani nilikwanguliwa kama sufuria iliyoungua. Mwaka uliofuata mama mkwe alimpeleka kwa Sista huyo huyo binti yake wa kumzaa, aliyekuwa akijikunja kama mimi.

Tiba imetutangulia. Daktari anaweza sasa kuingia na kutoka karibu bila kuacha alama, na sisi bado tunapima maumivu ya mwanamke kwa urefu wa kovu. Nasema sisi, kwa sababu nami nimo. Miezi michache iliyopita nilimkuta Sista sokoni Masasi. Akaniambia amechoka, ubavu unamuuma, usingizi haupati. Nilimtazama: kitenge kipya, uso umejaa. Nikamwambia, “Mbona umenawiri, Sista?”

Alicheka. “Basi ningejifunga bandeji,” akasema, akaendelea kuchagua dagaa. Nami nikacheka, nikaenda zangu.

Alikuwa mgonjwa kweli, na ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshafika mbali. Makaburini Chiwata nilisimama nyuma, nikashindwa kumtazama mtu usoni. Ndugu msomaji, mwanamke akikwambia anaumwa, muulize wapi na tangu lini, wala usingoje akufunulie kanga. Mimi nilifundishwa hilo kwa bandeji nzima, na zamu yake ilipofika sikumuuliza.