Komunike ya Pikipiki Nyekundu

Tofali la kwanza lilimpata mwanaume mmoja begani. La pili sikuliona likirushwa. Niliona tu akipiga magoti karibu na reli, mikono juu ya kichwa, na bantu wamemzunguka. Dirisha la studio yetu ya radio linaangalia gare ya Kamina, kituo cha treni. Nilisimama pale.

Muda mfupi kabla, mtangazaji wetu alikuwa amesoma komunike, tangazo la kulipiwa: pikipiki nyekundu imeibiwa, mwizi amekimbilia upande wa gare. Muuza bia wa pale gare hufungulia radio yetu kutwa nzima kwenye bafle, spika kubwa ya nje, kwa hiyo kila muntu alisikia. Halafu mwanaume huyu akatokea juu ya pikipiki nyekundu. Kamina hii, nusu ya pikipiki ni nyekundu.

Kwetu radio, komunike haiguswi. Mwenye kuilipia njo mwenye maneno: kifo, ndoa, mbuzi aliyepotea, yote inasomwa vile ilivyoandikwa. Kituo cha utafiti cha chuo kikuu kilikuja kubadilisha hiyo. Kilituchukua sisi wanafunzi wachache wa sekondari, tujifunze uandishi wa habari, na sharti lao lilikuwa wazi: komunike inayomtaja mwizi au mchawi haisomwi mpaka mmeuliza. Mtangazaji alimcheka mwalimu wetu, mama mtafiti kutoka Lubumbashi. "Mama, ukingoja kuuliza, mwizi ameshafika Luena."

Siku ile alisoma bila kuuliza, kisha akatoka kwenda kuangalia wanavyopiga.

Mama mtafiti hakuja dirishani. Alimpigia simu mwenye pikipiki, akamuuliza maswali yaleyale ya darasani: nani aliiona ikichukuliwa, wewe mwenyewe uliona? Akasikiliza, kisha akaniambia: hakuona kitu, habari ya gare aliisikia tu kwa watu. Pikipiki haikuibiwa. Mdogo wake alienda nayo Kaniama tangu alfajiri bila kuaga, na ndiyo kwanza amepiga simu kusema.

Nje, kijana mmoja alifika na bidon ya petroli. Akammwagia yule mwanaume mgongoni.

"Keti kwenye mikro," mama aliniambia.

"Minyi, mama?" Mimi hata darasani nasoma nikiangalia chini.

"Minyi sijui Kiluba. Weye unajua. Useme."

Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kiluba, nikarudia: pikipiki imeonekana, iko Kaniama, muntu huyo hakuiba, mumuache. Nilikuwa nalia lakini sikunyamaza. Muuza bia akaongeza sauti ya bafle. Mikono ikaanza kushuka, si yote. Kuna mmoja alimpiga teke la mdomo akiwa ameshasikia kabisa, nilimuona. Mwenye bidon akaondoka nayo polepole, kama mtu aliyetumwa kununua mafuta.

Kesho yake mtangazaji alitaka tunyamaze. Mama mtafiti akakataa, akasema radio itasahihisha kosa lake hewani, na sauti ya aliyepigwa isikike. Tukaenda hospitali sote watatu.

Mgonjwa, muuza samaki, alikuwa na taya lililofungwa bendeji na jicho moja limeziba. Niliweka mikro karibu na kinywa chake. Hakungoja swali langu. Aliuliza yeye, kupitia meno.

"Ile sauti ya kwanza, ya mwanaume, ilikuwa ya nani?"

Mama mtafiti alimtazama mtangazaji, hakumsaidia. Mimi niliiacha mashine ikirekodi.

"Yangu, kaka."

Mgonjwa akanyoosha mkono usiovunjika, akausukuma mkono wangu na mikro yake mpaka kwa mtangazaji.

"Basi useme weye."