Kidole cha Baba Pembeni

Baba alikuwa anaiosha kamera yake kwa sabuni ya unga, kisha anaianika kwenye kichanja cha vyombo. Mama hakuwahi kuzoea.

"Hiyo kamera imetoka mashimoni, halafu unaiweka na sahani zangu."

"Mbona imeoga kuliko mimi," baba anamjibu.

Ilikuwa kamera ndogo ya rangi ya chungwa, nzito kuliko inavyoonekana, ya aina isiyoingia maji. Msimamizi wake wa kazi alimwachia alipostaafu. Baba alikuwa fundi wa mabomba ya maji huku kwetu Goba mpaka Bunju, na bomba likipasuka ilibidi alipige picha kabla ya kulifukia, ili waliomtuma waamini. Anazamisha mkono mzima kwenye shimo lililojaa maji ya tope na kubofya bila kuona. Wageni wakija nyumbani, lazima aitumbukize kwenye ndoo na kuiacha humo wakinywa soda, wao macho yote kwenye ndoo. Mie nilikuwaga najificha jikoni. Najua akishaitoa tu ataanza kupiga watu picha, na mimi sipendi kuangaliwa.

Ishu ya ile kamera ni kwamba lenzi yake haiko katikati. Iko juu kabisa kwenye kona, palepale mtu anaposhika. Kwa hiyo karibu kila picha ya baba ilikuwa na kidole chake.

"Baba, kidole," nilikuwa namwambia kutoka mlangoni.

"Mwache na yeye atokee."

Mwaka huu, masika ilipokaribia, baba alianguka bafuni asubuhi akijiandaa kwenda kazini. Presha. Jua halijazama tukawa tumempoteza.

Watu wa kamati ya mazishi walitaka picha ya kuweka mbele ya jeneza. Niliingia chumbani na kamera nikapekua zote. Mabomba. Matope. Mita za maji. Mama anacheka, mwiko mkononi. Mlango wa jikoni na bega langu moja. Baba hakuwemo. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia lete hiyo kamera, na wewe tukupige. Mwishowe wakachukua picha yake ya kitambulisho wakaipeleka steshenari, na kijana wa pale akamvalisha suti nyeusi na tai kwa kompyuta. Baba hakuwa na suti. Shingo haikukaa sawasawa na kola. Watu walipita kuaga, wanalia, na mimi machozi hayatoki, natazama kola.

Siku ya kuondoa matanga ndugu walikaa sebuleni kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo kwetu. Shangazi, dada yake mkubwa baba, ndiye aliyesimamia. Koti la mvua, mabuti, saa, kila kitu kikapata mwenyewe. Kamera akapewa baba mdogo, ambaye anafuga samaki kwenye mabwawa huko kwetu bara. Wote wakaona inamfaa, na kweli ilimfaa.

Shangazi akanigeukia. "Na wewe binti, unataka nini cha baba yako?"

Sebule nzima ikaniangalia. Kamera ilikuwa kwenye meza, ningeweza kuinyooshea tu mkono.

"Chochote tu, shangazi."

Nikapewa mwavuli.

Baba mdogo si mtu mbaya. Alikaa pale anaibofya kamera taratibu, anapitisha picha moja baada ya nyingine. "Humu ni mabomba matupu," akasema. "Shemeji, nafuta zote nipate nafasi ya samaki wangu."

"Futa tu," mama akajibu bila kuinua kichwa. Siku hizo alikuwa anakubali kila anachoambiwa.

Nikasema, "Baba mdogo, kuna kidole."

"Kidole gani, mama?"

"Cha baba. Kwenye picha. Kiko pembeni."

"Huyu tangu msiba uanze hajafungua mdomo," shangazi akasema, "leo anatuambia kidole." Mtu mmoja akacheka.

Baba mdogo aliirudia picha aliyokuwa amefikia, akaenda ya pili, na nyingine, na nyingine tena. Alikaa nazo muda. Kisha akafungua kifuniko cha chini, akatoa memori kadi, akanipa mkononi bila kuniangalia. Nilimshukuru zaidi kwa kutoniangalia. Kesho yake aliondoka na kamera ameifunga ndani ya soksi.

Ukutani sasa yuko yule wa suti. Picha za memori kadi nilizihamishia kwenye simu ya mama, lakini hakuzigusa mpaka juzi, tulipokuwa tunachambua mchicha.

"Nionyeshe hicho kidole chako," akasema.

Nikamfungulia ile ya mwiko. Hakujitazama. Alivuta pembeni, akakuza, akakuza, mpaka kioo chote kikawa rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo. Kidole hakina kucha, hakina mistari, kwa sababu kilikuwa karibu mno na lenzi.

"Ni kile alichojikata na msumeno?"

"Sijui, mama. Hakionekani."

Akafuta kioo cha simu kwa upindo wa kanga, akaangalia tena.