Vikombe Vitatu vya Riziki na Bahari Asiyoijua

Hivi, umewahi kumwona mtu anayeshinda na kahawa mdomoni kutwa nzima, halafu jioni anakwambia hajanywa hata tone?

Basi mtazame huyu. Saa mbili asubuhi, katika kiwanda cha kukoboa kahawa pembeni mwa mji wa Gitega, Riziki Hamissi anafunga aproni ya kijivu juu ya gauni lake refu. Anachomeka ncha ya mtandio ndani ya kola ili isije ikazama vikombeni, kisha anachukua kijiko chake. Ni kijiko kipana cha mviringo, kimeng'aa kwa kutumika. Hapa kila mtu ana chake, na cha mwenzio hukigusi.

Mezani vikombe vimepangwa safu. Kahawa iliyosagwa imemwagiwa maji ya moto, na juu umejengeka utando mzito kama wa uji uliopoa. Riziki anainama, anaupasua utando kwa mgongo wa kijiko, pua yake ikiwa hapo hapo. Anachota, anavuta kwa kishindo kama mtu aliyeungua, anaizungusha mdomoni, kisha anatema kwenye kopo alilolishika kwa mkono wa kushoto.

"Hiki kina kiazi," anasema. "Kiondoke."

Ndugu msomaji asishangae. Kuna mdudu mdogo anayeuma tunda la kahawa likiwa bado mtini, na punje moja tu iliyoumwa inatosha kukifanya kikombe kizima kinuke kiazi kibichi kilichomenywa sasa hivi. Kazi ya Riziki ni kukinasa kikombe hicho kabla mnunuzi hajakinasa.

Vikombe havina majina. Vina herufi tu. Haandikwi mkulima, hautajwi mlima, hakitajwi kituo kilichoiosha kahawa.

"Ukijua hii kahawa ni ya mjomba wako, mdomo unageuka kuwa mwanasiasa," anasema, na wenzake wanacheka bila kuinua vichwa.

Riziki ana miaka arobaini na tatu, na ndiye mwanamke wa kwanza kukaa kwenye meza hiyo. Mwezi Januari ataondoka Burundi kwa miezi mitatu kwenda kujifunza Kihispania, Amerika ya Kati, katika mji ulio ufukweni mwa bahari. Yeye, ambaye bahari hajawahi kuiona hata kwa mbali.

Ilikuwaje? Wanunuzi kutoka Hispania walikuja msimu uliopita. Mmoja wao alionja kahawa ya Riziki, akafumba macho, akasema maneno marefu. Mkalimani wao akayageuza Kiingereza, mwingine akayageuza Kifaransa, na Athumani Bahati, mkuu wa chumba cha kuonjea, akayamalizia kwa Kirundi.

"Yalipofika kwangu yalikuwa maneno mawili tu: ni nzuri," anasimulia Riziki. "Mtu amefumba macho vile kwa 'ni nzuri'? Nikajua nimeibiwa."

Akawaambia wageni, kupitia mlolongo ule ule, kwamba anataka kusikia kwa masikio yake mwenyewe. Walipofika kwao wakatuma jibu kwamba watamsomesha. Shule waliyoizoea iko Amerika ya Kati, ina matawi katika miji mitatu ya pwani, na achague mwenyewe.

Wengi pale kiwandani waliuliza kwa nini asipelekwe milimani, kwenye kahawa, maana nchi hizo nazo zinalima. Athumani alikataa katakata.

"We uende baharini," alimwambia. "Ukienda kwenye kahawa watakuwekea vikombe mbele, utaongea na kijiko miezi mitatu, halafu unirudie bubu vile vile."

Athumani anajua anachosema, kwani ndiye aliyempokea Riziki mezani. Na siku ile ya kwanza nusura ampoteze.

Riziki alizaliwa Muyinga, mtaa wa Waswahili, kwa fundi cherehani Hamissi Waziri na mkewe Amisa. Mwaka 1993 vita vilipoanza, familia ilikimbilia Tanzania. Walivuka mto Ruvubu kwa mtumbwi uliokuwa ukiingiza maji, mama akiyachota kwa sufuria ya wali, Riziki akiwa amemkumbatia mdogo wake Matata. Walikaa kambini Ngara miaka mingi. Baba alifia huko huko, na shule ya Riziki nayo iliishia huko.

Waliporudi nyumbani alipata kazi ya kuchambua kahawa katika kituo cha kuoshea huko Gishubi. Kuanzia asubuhi wanawake wanasimama mbele ya meza ndefu, wakitoa punje mbovu kwa vidole. Ujira wa juma ulitosha mchele na sabuni, na kiatu kikichanika unakishona. Kila gari la Gitega lilipokuja kuchukua magunia, Riziki alimuuliza dereva kama kule wanafundisha watu kuonja. Aliuliza misimu mitatu. Wa nne, Athumani akaja mwenyewe kumtazama huyo anayeuliza.

Basi siku ya kwanza mezani akawekewa vikombe kama wengine. Akaonja kimoja, akameza. Cha pili, akameza. Akavimaliza vyote.

"Kwetu Muyinga, mtu akikupa kikombe kisha ukatema mbele yake, umemtukana," anaeleza. "Nilidhani wale wanaotema ni wagonjwa, nikawa nawaonea huruma."

Usiku ule hakulala. Moyo ulimdunda kama ngoma ya harusi hadi alfajiri. Asubuhi Athumani alimkuta ameketi mlangoni, macho yamemtoka. "We sha, rafiki yangu, umekunywa kahawa ya tarafa nzima!" alimwambia, akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akamfundisha kutema, polepole, kwa maji matupu.

Mpaka leo anayeonja na kutema ni Riziki wa Gitega. Riziki wa Muyinga akipewa chai kwa jirani, anaimeza yote na kuomba nyingine.

Turudi kwenye miji. Kwao safari kubwa haiamuliwi na mtu mmoja. Familia inakaa, kila mtu anasema lake. Riziki alitakiwa kutoa jibu Jumatatu, kwa hiyo Jumamosi akaenda Muyinga. Ndugu walikuwa wameshasema mengi kwa simu. Aliyebaki ni mmoja, Bi Amisa, mama yake. Tangu habari ifike alikuwa hajatamka kwamba aende wala asiende.

"Mama asipofungua mdomo, siendi," Riziki alikuwa amemwambia Athumani. "Kwa mtumbwi ule ni yeye aliyetuvusha. Siwezi kuvuka maji mengine yeye amenyamaza."

Jumapili alasiri sebule ya Bi Amisa imejaa. Mkeka umetandikwa, sinia la sambusa liko katikati, na pembeni, chini ya kitambaa cheupe kilichodariziwa kwa mkono, imesimama cherehani ya marehemu Hamissi. Matata, ambaye sasa ni fundi wa pikipiki mwenye ndevu, ndiye aliyesoma habari za miji mitatu kwenye simu. Jirani Kulsumbai, ambaye familia yake ina duka la vitambaa karibu na soko, amekuja na birika lake mwenyewe, kwa maana chai ya watu wengine haiamini.

Riziki anapanga vikombe vitatu vitupu mkekani. A, B, C. Kila mtu anapewa kijiko.

"Kama kazini kwangu," anasema. "Matata anaijua miji, sisi hatuijui. Atasema iliyomo, majina atayaficha. Kila mtu aweke kijiko kwenye kikombe chake, na asiongee mpaka wote tumeweka. Ukiongea unamvuta mwenzio."

"Bon, musikize!" Matata anasimama. "A iko mji kidogo. Mbele yake kuko miamba ndani ya bahari, inavunja mawimbi kule mbali. Kwa hiyo maji inafika ufukweni imetulia."

"Chakula?" anauliza Kulsumbai.

"Mama Kulsum, tumesema kimya," anamkumbusha Riziki.

"Mi sisemi. Nauliza."

"B iko bahari ya upande ingine. Msitu inashuka mpaka kwa mchanga. Kuko watu weusi kama sisi, babu zao walitoka visiwani. Wanapika wali na maharage kwa tui la nazi."

Hapo sheria ya kimya ikavunjika. Vijiko vitatu vikaruka kwenye B kabla C haijatajwa.

"Wali wa nazi!" Kulsumbai anapiga goti lake. "Imekwisha. Mtoto asife njaa."

"Na watu weusi," anaongeza shangazi mmoja. "Hawatamshangaa."

"Lakini kati yao wengi wanaongea Kiingereza chao nyumbani," anasema Matata. "Yaya Riziki, dada yetu, atarudi na Kiingereza, wale wa Hispania watalia."

"Watamfundisha vyote viwili!" Kulsumbai anamkatiza. "Sema C."

"C iko ghuba kama mwezi mchanga, mitumbwi ya wavuvi imejaa. Juu ya mlima kuko sanamu kubwa sana ya Yesu, inaona mji yote."

"Inaona yote?" anauliza shangazi. "Basi huko atavaa hijabu vizuri," anasema Kulsumbai, na sebule inacheka mpaka sambusa zinamwagika.

Vijiko vinajaa B. Kimoja kipo C, cha Matata, anayependa mitumbwi. A hakuna kitu. Na Bi Amisa bado anacho chake mkononi, anakigeuza, anakigeuza. Ana miaka sabini na sita, na mikono ya mtu aliyeshona vifungo vya mashati maisha yake yote.

"Hayo maji ya A," anasema ghafla. Ni mara ya kwanza anaongea. "Mutu anaweza kusimama ndani yake?"

"Anaweza, mama. Unatembea mbali, inafika tu kiunoni," anajibu Matata.

Bi Amisa anatikisa kichwa kukubali. Lakini kijiko hakiweki.

"Na we Riziki?" anauliza. "Kijiko yako iko wapi?"

Watu wanamgeukia. Kweli, Riziki naye bado anacho. Alikuwa akiwatazama wengine, akimtazama zaidi mama yake.

"Nakungoja wewe, mama. Utakapoweka, nami nitaweka hapo hapo."

"Eka. Hapana." Bi Amisa anafunga ngumi, kijiko kimo ndani. "Si umesema mutu asimuvute mwenzake? Weka yako."

Mtu aliyemeza kahawa ya tarafa nzima ili asimuudhi aliyempa, leo anatakiwa kukataa wali wa nazi mbele ya ukoo wake. Riziki anainama na kuweka kijiko kwenye A.

"Yoo!" Kulsumbai anashika kichwa. "Kwenye hakuna hata chakula!"

"Chakula kipo, mama Kulsum, watu wanaishi huko," anasema Riziki.

"Mumuache," anasema Bi Amisa. "Kwa nini A?"

Riziki anajibu taratibu, kwa Kiswahili chake cha Ngara. "Maji makubwa niliyowahi kuyaona ni ya Ruvubu, na nilikuwa nayakimbia. Mpaka leo nikivuka daraja nafumba macho. Nataka nisimame ndani ya maji mchana kweupe, yamefika kiunoni, na sikimbii mtu. Kihispania nitakijua popote, nitakifanyia kazi kama nilivyofanyia kahawa. Lakini hilo nalitaka."

Matata anaangalia chini. Yeye ndiye aliyekumbatiwa ndani ya mtumbwi ule.

"Utaingia na nini?" anauliza Kulsumbai, sauti imeshuka. "Na magauni yote haya?"

"Na magauni yote. Na mtandio juu."

"Basi pita dukani kesho asubuhi. Nitakupa kitambaa chepesi, kile hakigandi mwilini ukilowa. Bure, usinitazame hivyo."

Matata anataja majina sasa. B ni Puerto Viejo, na A ni Sámara, yote iko Kosta Rika. C ni San Juan del Sur, Nikaragua. Watu wanajaribu kuyatamka, na jina la Sámara linaingia midomoni mapema. Wageni wanapoaga, shangazi anamtangazia jirani wa ng'ambo ya barabara kwamba binti wa Muyinga anakwenda Sámara, kana kwamba yeye mwenyewe anapajua mahali hapo tangu utotoni.

Jioni, wageni wakiwa wametawanyika, Riziki na mama yake wanaosha vikombe uani. Riziki anaeleza mpango wake. Atarudi kabla mavuno hayajaanza. Wale wa Hispania watakapokuja atawapokea yeye, na yule aliyefumba macho atarudia maneno yake yote, neno kwa neno. Halafu ameshaongea na Athumani: kila msimu wachukue wanawake wawili wa meza ya kuchambua kule Gishubi, awafundishe kuonja.

"Na siku ya kwanza nitawaambia wateme," anasema, na wote wawili wanacheka.

Bi Amisa anakausha kikombe cha mwisho kwa upindo wa kanga yake. Kile kijiko bado anacho, amekichomeka kiunoni kwenye fundo.

"Mama, mbona ulinyamaza muda wote huu? Nilidhani hutaki niende."

"Ningesema, ungechagua ya kwangu. Nakujua we."

"Na ya kwako ilikuwa ipi? Ungeweka wapi kijiko?"

Bi Amisa anatazama mlangoni, kule ndani ambako cherehani ya mumewe imefunikwa.

"Uhuru ulikuwa bado mupya," anasema. "Mi iko na miaka kumi na sita, niko kwetu Gitega. Shangazi yangu Zaituni alikuwa anaishi Ujiji, pale ziwani. Alikuwa na cherehani yake mwenyewe, mwanamke. Alisema nikuje, atanifundisha. Baba akaita ndugu wote, wakakaa kama leo. Kila mutu akasema yake. Wakasema Muyinga, kuko kijana fundi, ataolewa. Mi sikuulizwa."

Anachomoa kijiko, anakifuta vizuri, mbele na nyuma, na kumpa binti yake.

"Baba yenu alikuwa mutu muzuri. Muyinga ilinipa nyinyi, silalamiki. Lakini mi nilitaka Ujiji."