Sifuri Nukta Sifuri Sita

Nilikuwa nakula chapati kwenye kibanda cha chai pale Bomani redio iliposoma namba zangu.

Mimi ni mpima maji, nimehamishiwa Tarime kutoka Morogoro. Wiki ile nilikuwa nimepima kisima cha kijiji kimoja upande wa Serengeti, natafuta aseniki, sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha. Nilimwambia bibi mwenye boma lililo jirani na pampu wasinywe mpaka majibu yatoke. Akatii. Watu wa nyumbani kwake wakawa wanafuata maji mtoni, saa nzima kwenda tu.

Majibu yalitoka mabaya. Mwandishi wa redio aliyekuwa akiyasubiri akanipigia, nikamtumia mistari miwili kwa simu: kisima, 0.06, mwisho unaoruhusiwa, 10. Ya kwanza niliitoa kwenye mashine, inayosoma miligramu. Ya pili niliinakili kwenye jedwali la ukutani, la mikrogramu, ambazo elfu moja ndiyo miligramu moja. Maabara kwetu kila mtu anajua, hatujisumbui hata kuandika kipimo. Yeye, maskini, aliuliza kama zote ni kipimo kimoja. Nilikuwa na njaa na chupa zimejaa mezani. Nikamfokea asome kama zilivyo.

Akasoma kama zilivyo. Kisima kiko chini kabisa ya kiwango, alisema, wananchi wachote bila hofu. Ni sawa na kusema gunia moja ni dogo kuliko visado kumi, eti kwa sababu moja ni ndogo kuliko kumi! Maji yale yalikuwa na sumu mara sita ya kiwango. Mama muuza chai akaniambia habari hiyo njema inarudiwa tangu juzi.

Nilimpigia mwandishi. Aliahidi kusahihisha kwenye taarifa ya mchana. Sikungoja mchana. Nilichukua bodaboda, na tulipokaribia kijiji nikaanza kuhesabu madumu ya njano yanayotoka pampuni. Nilipofika ishirini niliacha.

Nilimwamkia bibi shikamoo, akaitikia kwa furaha, akaniletea uji wa ulezi kwenye kibuyu. Pembeni yake kitukuu chake, mtoto wa miaka minne hivi, alikuwa anakunywa wake kwenye kikombe cha bati. Nikaanza kueleza miligramu na mikrogramu. Nilijisikia mjinga. Maneno yalikuwa yananitoka na hayamfikii mtu.

"Kunywa kwanza, mwanangu," alisema. "Tumeupika kwa maji yako."

Kwenye maboma yale mgeni hunywa ndipo aseme. Anayekataa uji wa mwenyeji ni kama amemwambia mbele ya watoto wake kwamba ameweka kitu ndani. Nilijua hilo, nimeshafundishwa kwa aibu mara moja. Nilikiweka kibuyu chini kikiwa kimejaa.

Bibi alikitazama kibuyu, akanitazama mimi. Kilichoshindikana kwa namba alikielewa pale pale. Aliinuka, akachukua kikombe mikononi mwa mtoto, akamwaga uji mchangani.

Nikataka kumfariji. Nikamwambia siku tatu si kitu, sumu hii haiumizi kwa siku tatu, inahitaji miaka. Ole wangu na mdomo wangu.

"Miaka," alirudia polepole. "Kisima hiki kilichimbwa mwaka aliozaliwa mama yake huyu."

Mama mwenyewe alikuwa ametokea jikoni, amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya tumbo lake kubwa. Mtoto akaanza kulia, anataka uji wake.