Hodi Kwenye Kilima cha Chaza

Nilipokuwa mtoto, kule Richardson, Texas, sauti moja tu iliniamsha usiku: bomba la bafuni likifunguliwa. Maji yalitiririka kwa muda mrefu, nami nilijua mama yumo humo, analia, na anataka maji yamfiche. Baba alikuwa barabarani na teksi yake. Nilijifunika shuka, nikalia pia, nikimlilia mtu ambaye sikulijua jina lake.

Mtu huyo alikuwa kaka yangu. Alifariki kwa homa Mombasa, mwaka mmoja kabla hatujahamia Texas, mimi nikiwa na miaka minne. Nilimwita Kaka, basi. Baada ya mazishi mama hakulitamka jina lake tena, na baba, kwa kumhurumia, naye akalinyamazia. Nilibaki na mluzi aliokuwa akinifundisha, na kiganja kilichonuka ndimu na pilipili. Siku moja shuleni niliichora familia yetu, mwalimu akaniuliza yule mvulana ni nani. Nilisema ni kaka yangu, nikaendelea kupaka rangi.

Nilipofika miaka tisa, mama alinichukua tukaenda Houston kwa dada yake, mama mkubwa Zuhura, aliyefanya kazi ya kutunza wazee. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti, na gari lake lilinuka udi na viazi karai. Akatupeleka kwenye hifadhi moja ya taifa, pwani. Palikuwa na nyasi ndefu, korongo weupe, na kilima kizima cha makombe matupu ya chaza. Kibao kilieleza kwamba wenyeji wa asili wa pwani ile walikula chaza hapo, vizazi kwa vizazi, na wafu wao wamelala karibu. Kiliwaomba wageni wasiokote hata kombe moja.

Pale njia ya mbao ilipoanzia, mama mkubwa alivua viatu, akaita, "Hodi, wenyewe."

Askari wa hifadhi, mwanamke wa Kizungu mwenye kofia pana, alidhani anasalimiwa yeye, akapunga mkono. Mama mkubwa naye akampungia.

"Huyu mgeni kama sisi," alituambia, "ila yeye kapewa kofia."

Mama alimwomba aache mambo ya kizamani, watu wanatazama.

"Na watazame. Wenyewe hawajahama eti kwa kuwa kumewekwa kibao."

Kisha akanieleza utaratibu wa kwao. Penye wafu wa watu huingii kimya. Unajitaja, unawataja wanao wote, walio hai na waliotangulia, ili wenyewe wawapokee pamoja. Usiyemtaja hubaki nje, akizunguka peke yake, hana wa kumwambia karibu. Baba angeuita ushirikina. Mimi nilimwona Kaka waziwazi, amesimama kule kwenye maegesho ya magari, anasubiri.

Mama mkubwa alianza. "Mimi Zuhura. Sikujaaliwa kuzaa, nina huyu wa mdogo wangu. Haya, Mwanajuma, zamu yako."

Mama alilisema jina lake harakaharaka, kisha langu, akapiga hatua. Mama mkubwa akamshika kiwiko.

"Hatuingii hivyo, mdogo wangu. Mwanao mwingine unamwacha na nani?"

Nilidhani mama atageuka arudi garini. Alisimama tu, akiyatazama yale makombe. Siku zile kila aliponisemesha nilimjibu kwa Kiingereza, lakini swali hili nililiuliza kwa Kiswahili.

"Mama, Kaka aliitwa nani?"

Alinitazama kwa mshangao. Miaka yote ile alidhani ninajua.

Leo mimi ni mtu mzima, ninaandika mashairi, na nadhani nimemwelewa. Jina lile ndilo alilobaki nalo la mwanawe, akaogopa kwamba akilitoa kinywani litaisha. Kwa kulificha akatuacha watatu katika nyumba moja, kila mtu na msiba wake, kila mtu na mlango wake. Kama wenyeji wale wa kale walitusikia siku ile, sijui. Mimi nilisikia, nikiwa nimeushika mkono wa mama, na upepo ukizilaza nyasi.

Mama alivua viatu. Akaviweka kando ya vile vya dada yake, akainua uso.

"Na Mbaraka," alisema. "Mwanangu Mbaraka."