Aya ya Saba

Nilipofika, kaka yangu alikuwa ameshakata masale yote ya upande wa juu na alikuwa anashuka. Hakukata kama mtu anayefyeka. Alikata kama mtu anayeua nyoka: shina likishalala chini, analipiga tena palepale. Kwetu Kirua masale ni mimea ya majani marefu tunayopanda mpakani. Mtu akikuibia mkungu wa ndizi mnaweza kumalizana kwa maneno. Akikata masale yako, ametangaza vita.

Vita hii ilitoka kwenye blogu yangu.

Ninaishi Moshi mjini, na kila Jumapili baada ya ibada huweka mtandaoni vitu nilivyovikuta hukohuko mtandaoni: sauti za ndege wa usiku, ramani za miji iliyozama, mzee fulani wa ng'ambo anayekusanya kengele za baiskeli. Mke wangu huiita blogu hiyo jalala. Wasomaji wake wangeenea kwenye meza moja ya baa na viti vikabaki.

Safari hii nilikuwa nimekuta picha ya miteremko yetu iliyopigwa kutoka kwenye ndege kabla sijazaliwa. Nilifurahi kama mtoto. Nikaandika juu ya mifongo, ile mifereji ambayo babu zetu walichimba kuleta maji ya mto vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani. Nikaeleza kwamba mstari mweusi unaopita katikati ya migomba ni mfongo uliokauka zamani. Nilieleza vizuri sana, katika aya ya saba.

Hakuna aliyefika aya ya saba. Mtu aliichukua picha peke yake, akaikuza, akaizungushia duara jekundu, akaitupa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Kufikia jioni mstari ulikuwa umeshakuwa mpaka, na marehemu baba mdogo alikuwa ameshakuwa mwizi wa ardhi ya baba mkubwa. Kwenye kipande kilicho kati ya mstari huo na masale kuna jiko la mama mdogo, banda la ng'ombe wake, na kaburi la mumewe. Kaka, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa akikitamani tangu tulipozika.

Asubuhi mama mdogo akanipigia. "Mwanangu, njoo na hiyo picha yako. Huyu amekuja na panga."

Nilimkuta amesimama mbele ya kaburi, mkononi ana mpini wa jembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwambie."

Nikatoa simu. "Kaka, huu mstari ni mfongo. Ukikuza picha utaona unapinda kufuata mteremko."

"Mangi, sogea," alisema, akiniita chifu kwa dhihaka.

"Mpaka haupindi hivi. Nimeeleza kwenye aya ya saba."

"Aya ya saba," aliwarudia majirani waliojipanga njiani. "Mnamsikia profesa wetu? Panga limeshafika, yeye bado anatafuta ukurasa."

Wakacheka. Kisha akaipiga simu kwa ubapa wa panga, na kidole changu kilichokuwa nyuma ya simu kikavunjika pamoja nayo.

Alipoinua panga juu ya sale la kichwani mwa kaburi, mama mdogo alimpiga mkononi. Nilisikia mfupa ukivunjika. Panga likaanguka. Akampiga gotini, akampiga begani, na kila pigo lilikuja bila neno, kama mtu anayetwanga. Kaka akamrukia kwa mkono uliobaki, akamkaba koo, wakaanguka wote kwenye migomba. Mimi, mwenye shahada mbili, nikashika mguu wa kaka. Mguu ukanipiga mdomoni, nikatema jino. Majirani waliacha kucheka pale mama mdogo alipoanza kukoroma, wakamvuta kaka kwa nywele na kwa mkanda mpaka vidole vyake vikaachia.

Mama mdogo aliinuka na panga. Koo lake lilikuwa limeanza kuvimba. Akasimama juu ya kaka, na kwa muda hakuna aliyejua kama angelishusha. Akalitupa bandani kwa ng'ombe, akaenda kunywa maji.

Siku chache baadaye kikao cha ukoo kilikaa uani kwake, kaka amefungwa mkono kwa plasta, mimi nimevimba mdomo. Nilikuja na picha nimeichapisha kubwa, nimechora mishale. Shangazi, aliyeongoza kikao, hakuitazama.

"Nani amekata masale?"

"Mimi," kaka akasema, "lakini ile picha inaonyesha..."

"Picha imepandwa na nani?"

Nikafungua mdomo nieleze kuhusu mteremko.

"Na wewe umeulizwa?"

Hapo kesi ikaisha. Aliyekata masale hasikilizwi kuhusu mpaka hadi ayarudishe. Wakaamua ayapande mwenyewe, kwenye mashimo yaleyale, na kwa kuwa ana mkono mmoja, mimi nimshikie miche.

Tulifanya kazi hiyo tukiwa tumeinama, bega kwa bega, yeye akinuka dawa ya hospitali. Mama mdogo alitufuata nyuma na mpini wake, shingoni amejifunga kitenge kuficha alama za vidole. Karibu na kaburi, kaka alisogeza mche kidogo kuelekea upande wa mama mdogo, upana wa kiganja tu. Nikauona, nikaendelea kuushikilia.

Nyuma yetu mpini uligonga ardhi mara moja. Kaka akaurudisha mche.

"Nyoosha," mama mdogo alisema, kwa sauti iliyokwaruza. Tukanyoosha.